Kwa Kaka Safari, Niliyesoma Naye Bila Kumwona

Kaka Safari,

Leo Profesa ameita majina kama kila Jumamosi. Alipofika pahali pa jina lako alilianza, akaliacha katikati, akaendelea na lililofuata. Kuna mmoja alikuwa amesahau kufunga mikro yake, tukasikia kuku wanalia nyumbani kwake. Hakuna aliyecheka. Wewe ungecheka.

Nakuandikia kutoka Kashuga, kwenye kilima cha nyuma ya kambi yetu ya wakimbizi wa vita, pale rezo ya simu inapofika. Sikuwahi kukuona, na hicho njo kitu kinachonisumbua. Tangu chuo cha wachungaji kilipotuweka wawili tusome pamoja na kusahihishana kazi, mimi huku Masisi na wewe Mpofi, kule Walikale, nilikujua kwa sauti tu. Kamera tuliziacha zimefungwa ili mega za intaneti zisiishe. Hata picha ya simu yako haikuwa sura yako. Ilikuwa mbwa wako wa kuwindia, amekaa kama notabili wa kijiji.

Watu wa kambi bado wananiuliza: unasoma chuo gani kisicho na mlango? Nawaeleza. Jumatatu Profesa anatuma somo kwa sauti ndani ya kundi letu la simu, pamoja na kurasa za kusoma. Katikati ya wiki tunaandika majibu kwa mkono, tunayapiga picha, tunatuma. Jumamosi mchana tunakutana wote kwa wakati mmoja. Mikro zimefungwa, na mwenye neno anabonyeza alama ya mkono, anangoja aitwe. Mtihani tunaufanyia kwenye kanisa la karibu, mchungaji mmoja akitusimamia. Basi, wanaridhika. Lakini sehemu niliyoipenda siwaelezi. Ni pale ulipokuwa unanipigia kisha ya somo: "Dada Pasta, rezo ilinikimbia. Profesa alimalizia na nini?"

Dada Pasta. Kule Bihambwe, mbele ya vita kutukimbiza, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na shemasi, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja nitasimama mimbarani. Wewe ulianza kuniita hivyo wiki ya kwanza, kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Unakumbuka ile kazi tuliyogombania? Profesa aliuliza: mchungaji afanye nini ikiwa ukoo wa marehemu unataka desturi zake kaburini? Mimi niliandika kwamba kanisa liondoke. Wewe, mtoto wa wawindaji, ulinitumia sauti ndefu, mvua inapiga mabati nyuma yako: "Dada, ule muzee wa ukoo iko anaita marehemu kwa jina juu njo yeye alimulea. Umwache aage mutoto wake. Akianza kumuomba mufu kitu, hapo umwambie hapana. Lakini usitoke. Pasta akitoka ku kaburi, nani atabakia na mujane?"

Nilikujibu kwa ukali, nikakutajia mistari ya Biblia mmoja kisha mwingine. Ulisikiliza yote, ukasema tu, "Tutafika." Profesa alitupa alama sawa, na hata hilo tuliligombania.

Halafu homa ikakushika. "Mwili inauma kidogo, utanichukulia somo," ulisema. Nilikuchukulia. Nilikutumia muhtasari wote, ukakaa kwenye simu yako bila kufunguliwa. Sikujua kwamba vijana walikuwa wamekubeba mabegani kwa kipoyi, machela ya miti, kukupeleka hospitali, na risasi zikawarudisha njiani.

Kisha jina lako likatokea kwenye simu yangu. Nilipokea nikipiga kelele, "Kaka, umepona!" Upande ule mwanamke akaanza kulia. Alikuwa Mama Zawadi, mke wako.

Siku ya mazishi nilipanda kilima asubuhi ili nisiwe mbali na wewe. Sikutegemea kupigiwa. Mama Zawadi alinipigia akiwa kaburini. Wazee wa ukoo wako walikuwa wamesimama upande mmoja na kibuyu cha kasiksi, wazee wa kanisa upande mwingine na Biblia, wewe katikati ndani ya sanduku, na mawingu yanakusanyika. Wa kanisa walisema ile pombe ya ndizi ikimwagika, wao wanarudi nyumbani. Wa ukoo walisema mtoto wao hatashuka bila kuagwa. "Mama Riziki," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa, "wewe njo ulisoma naye hii maneno. Uwaambie yeye alisema nini. Nimeweka simu ku megafoni."

Kaka, kati yetu wote pale, aliyejua jibu lako nilikuwa mimi peke yangu. Ningeweza kusema langu, na lingepita. Lilikuwa tayari mdomoni, na mistari yake yote.

Nikasema: "Wazee wangu, mimi nilibishana naye juu ya jambo hili. Lakini leo anazikwa yeye, siyo mimi. Safari alisema hivi." Nikawaambia. Ukoo umuage mtoto wao kwanza, wamwite kwa jina, kwa desturi yao, bila kumwomba marehemu kitu. Kisha kanisa liombe. Na mchungaji asitoke...

Rezo ikakatika.

Nilipiga, nikapiga tena. Ile sauti ya mashine ikaniambia nijaribu baadaye. Sikujua kama wamenisikia ao wameanza kupigana. Nilibaki nimesimama, mikono haina kazi. Basi nikaanza maombi ya mazishi peke yangu, kwa sauti, hapo kilimani. Wanawake waliokuwa wanapalilia maharagi wakaweka majembe chini, wakaitikia amina, bila kujua ni nani anayezikwa.

Ilichukua siku kadhaa rezo ya kwenu irudi, ndipo Mama Zawadi akanitumia sauti aliyoirekodi pale. Nilisikia mzee mmoja, mjomba wako, anakuita kwa jina nisilolijua, anakuambia uende polepole, njia inateleza. Hakukuomba kitu. Kisha kikohozi. Kisha nyayo kwenye udongo, nikaogopa kwamba wa kanisa wanaondoka. Kisha mtu mmoja akaanza wimbo wa kanisa, na wengine wakaingia, wengi, mpaka simu ikashindwa kuwabeba.

Walibaki, Kaka.

Sitakudanganya: bado sikubaliani na wewe katika yote. Kile kibuyu kinanisumbua. Profesa aliponiuliza mbele ya wenzetu kama ningeandika tena ile kazi yangu, nilisema ndiyo, ningeiandika tena, lakini sijui ningeimalizaje. Akasema hilo pia ni jibu. Sijui kama alinihurumia.

Na kuna jambo ambalo ungelipenda. Profesa alitaka kunipa mwenzangu mwingine wa kusoma naye. Nilimwomba angoje. Mama Zawadi anasikiliza masomo kwa simu yako akimenya mihogo, na ameomba kuandikishwa mwaka ujao. Sasa ananipigia yeye. Jana ameniuliza kwa nini Yesu alilia, ikiwa alijua kwamba Lazaro atafufuka. Nilianza kumjibu kama mwalimu, nikasikia analia. Tukalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu.

Nakuahidi hivi: nitamsindikiza mpaka amalize, hata nikiwa nimehamishwa tena kutoka hapa. Na siku barabara itakapofunguka nitakuja Mpofi. Sitakuja kuhubiri. Nitakaa na mke wako pale walipokulaza, nimwombe asimame, anionyeshe kwa mkono urefu wako ulifika wapi.

Lala salama, Kaka yangu.

Riziki