Vumbi la Bwawa la Mama Aline

Jumatano, 21 Septemba 1994

Nimesugua tena sakafu ya bwawa. Jana nililala nikijua nimelimaliza vumbi, leo asubuhi nimelikuta limetanda palepale, jekundu, laini kuliko unga. Ukiligusa linapanda na maji yote yanageuka chai. Ukiliacha linashuka na kukungoja.

Mama mkwe kanicheka kutoka barazani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kasema, wewe umejipa brashi mwenyewe. Karagwe tulichota maji bondeni na kubeba ndoo kichwani, leo nasugua bwawa la kuogelea Kagarama. Hata mimi ningecheka.

Nyumba si yetu. Tuliikuta wazi mwezi wa nane, mlango umeegemezwa, sufuria chini. Mume wangu, Baba Neema, anasema tumeibohoza, kama wasemavyo wote waliorudi kutoka ukimbizini. Kubohoza ni kumfungulia aliyefungwa kamba. Sijaona kamba yoyote hapa.

Jumapili, 25 Septemba

Mwenyewe amekuja.

Mwanamke mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Anaitwa Mama Aline. Mumewe na Aline wake waliuawa Aprili na hajui walipolala. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige. Aliomba tu chumba cha nyuma, kile cha mtumishi, akasema ndani hawezi kulala.

Kwa hiyo sisi tuko kitandani kwake na yeye yuko karibu na stoo ya mkaa. Nimemwambia Baba Neema tuondoke. Anauliza twende wapi, nyumba zote zimejaa, na mama yake ana miguu mibovu. Ana haki na hana haki. Naona aibu kupika katika jiko lake.

Alhamisi, 29 Septemba

Kila jioni Mama Aline anakaa ukingoni mwa bwawa. Hazungumzi. Leo kasema, kwa Kiswahili cha hapa, pengine kwa kunionea huruma maana Kinyarwanda changu kinachechemea: "Pisini iko muchafu sana. Baba Aline alikuwa anakamata brosi kila samedi." Yaani bwawa ni chafu, mumewe alilisugua kila Jumamosi.

Basi nimeamua. Nitamsafishia. Nyumba siwezi kumrudishia mpaka Baba Neema akubali, lakini maji naweza.

Umeme ulirudi mchana, nikawasha pampu. Kazi bure. Vumbi lenyewe ni laini mno, linapita katikati ya mchanga wa chujio na kurudi bwawani kwa tundu la pili, kama mtu aliyetolewa mlangoni akaingia dirishani. Nimezima kwa hasira.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimepata shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, sokoni, kwa mama mmoja aliyetoka Bujumbura. Sijui kwa nini sikuikumbuka mapema. Karagwe tuliitia kwenye mtungi maji yakiwa na tope, tukasubiri, tope likajikusanya na kuzama.

Nimeiponda, nikaiyeyusha ndooni, nikaimwaga pande zote. Kisha mikono mfukoni. Hapa ndipo penye kazi, kutogusa. Likishazama lote unalivuta kwa mpira wa maji, bila pampu wala chujio, mdomo mmoja chini bwawani na mwingine kule bondeni kwenye migomba. Maji yanashuka yenyewe na tope lake. Unautembeza mpira polepole sana. Mimi si mtu wa polepole. Mara ya kwanza niliharakisha, likatimka lote, nikaanza upya.

Jumamosi, 8 Oktoba

Yameng'aa.

Chini kuna samaki wa vigae vya bluu. Wiki zote hizi nimesugua mgongo wa samaki bila kujua. Jicho lake moja limebanduka. Nimesimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mama Aline alikuwa kanisani siku nzima, hajayaona. Kesho baada ya misa nitamwonyesha. Nimenunua jerikeni ya urwagwa, pombe ya ndizi, na nimewaalika majirani wa pande zote mbili. Tangu tufike nyumba hii haijapokea mgeni kwa furaha. Nimefanya mazoezi ya maneno kwa Kinyarwanda, nisimwaibishe.

Jumapili, 9 Oktoba

Mungu wangu, nimefanya nini.

Majirani walikuja. Pombe ikawekwa na mirija yake. Mama Aline akatoka chumbani na kitambaa chake cheusi, akatazama watu, akatazama pombe. Nami nikasimama mbele ya wote, nikasema kwa sauti: "Mama Aline, igihe cyo kwera kirageze." Wakati wa kwera umefika. Nilijua kwera ni kuwa meupe, kuwa safi. Nilikuwa nasema maji. Neno maji lenyewe nilisahau kulitaja, nilikuwa na haraka ya kufurahi.

Jirani mmoja aliweka mrija chini.

Mama Aline hakupaza sauti. "Mimi sijazika bantu yangu," kasema, yaani watu wake. "Wewe unakuja kunyeza na pombe, mu nyumba yangu?" Akarudi ndani, akatoka na kifurushi, akaenda. Bwawani hakutupia hata jicho.

Mama mkwe alinivuta jikoni. Mtu aliyefiwa, kasema, amekuwa mweusi. Siku ya kumaliza msiba ndugu na majirani wanakusanyika, pombe inanywewa, naye anakuwa mweupe. Hiyo ndiyo kwera, na neno lake kunyeza ni kumfanya yeye mweupe. Na haifanyiki kabla ya kuzika, na haiamuliwi na mgeni. "Nilikufundisha Kinyarwanda cha kuombea chumvi," kasema. "Kosa langu."

Si kosa lake. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu leo umevunja mtu.

Jumatano, 12 Oktoba

Maji bado safi. Siwezi kuyatazama. Nachukia yale macho mapana ya samaki, yaani lile jicho moja.

Baba Neema anasema sikukusudia, atasamehe. Sikukusudia, ndiyo. Lakini nani alinituma kuwa na haraka na maji ya mtu? Nilitaka anishukuru. Nilitaka aibu yangu ikauke, nikaiita zawadi.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimekwenda Masaka, nje kidogo ya mji. Yuko kwa binamu yake, nyumba ndogo katikati ya shamba la maharage. Binamu alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akayaonja kwanza mbele yangu kama wafanyavyo hapa, kuonyesha hayana sumu. Mama Aline hakutoka. Nilisikia akikohoa nyuma ya pazia.

Niliongea na lile pazia. Kwa Kiswahili safari hii. Nikasema nilimaanisha maji. Binamu alinisindikiza mpaka barabarani na kuniambia, kwa upole, nisije tena kwa sasa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mvua kubwa usiku kucha. Barabara yote ya juu imeshukia bwawani. Vumbi limerudi, samaki hayupo.

Shabu imebaki nusu kopo. Sijaigusa.

Nimemwambia Baba Neema naondoka hapa, yeye akitaka abaki na neno lake la kubohoza. Tumegombana mpaka Mama mkwe akaingia kati. Alimwambia mwanawe kwamba miaka thelathini na tano Karagwe aliota mtu mmoja amekaa katika nyumba yake aliyoikimbia Gisaka, na kila usiku alimlaani. "Sitaki kulaaniwa uzeeni," kasema. Baba Neema akatoka nje, akakaa muda mrefu pale ukingoni.

Jumapili, 30 Oktoba

Tumepata vyumba viwili Nyamirambo, choo cha pamoja. Mama mkwe na Baba Neema walikwenda Masaka bila mimi, ndivyo ilivyofaa. Mama mkwe ndiye aliyesema. Mama Aline atarudi kwake sisi tukitoka. Kuhusu mimi hakuuliza.

Jumatano, 9 Novemba

Mizigo imetangulia. Nilibaki kupiga deki. Mama Aline akaja mapema kuliko tulivyosema, kitambaa kilekile. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Akaupokea.

Tulisimama kando ya bwawa, yeye kule, mimi huku. Maji mekundu tupu. Nikamwambia chini kuna samaki, jicho limebanduka. "Najua," kasema. "Aline ndiye aliitoa."

Akaliona kopo la shabu juu ya ukuta, akauliza ni nini. Nikamweleza inavyotumika: kuiponda, kuiyeyusha, kusubiri, kuvuta polepole. Alisikiliza yote.

"Iache hapa," kasema. "Siku nitazika bantu yangu, nitaiweka mu pisini mwenyewe."

Nimeliacha dirishani jikoni. Nilikaza kifuniko vizuri, unyevu usiingie.