Wanachama Ishirini

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Huku hatujambo, Mama anakohoa, ila pumzi ya kunigombeza bado anayo.

Uliniuliza habari za Chama cha Mafundi Saa, kile alichokiasisi Baba. Dada, kimekufa. Tulikifunga Jumanne saa nne na nusu, ingawa saa ya ukutani ilisema saa sita. Mafundi tulijaa mle ndani na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha.

Enzi za Baba unazikumbuka: wanachama sitini na wanne, ada zimelipwa kabla mwaka haujachangamka, akiba iko benki. Kisha simu zikaanza kusema saa, nasi tukaanza kupungua. Nilipokabidhiwa uweka hazina tulibaki ishirini na sita, na sheria inataka tusipungue ishirini. Vitabu vyangu vilionyesha ishirini kamili, miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu msajili wa vyama akaandika kwamba anataka kuwaona wote ishirini kwa macho yake. Walifika kumi na watatu.

Unajua desturi ya mkutano wetu mkuu: majina husomwa, na asiyefika jirani humjibia kwamba yupo. La Baba niliendelea kulisoma hata baada ya kumzika, na Makamu Mwenyekiti alijibu kila mwaka kwamba yupo, kachelewa tu. Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyeuliza ni nani anayemlipia.

Nilimlipia mimi, yeye na marehemu wenzake sita, na kodi ya chumba cha mikutano juu yake. Nilitumia zile fedha zako za mabati ya Mama. Nilijiambia nalinda jina la Baba. Salio la chama limekwenda kwa chama cha mafundi redio, kama katiba yetu inavyoagiza chama kikifa; hata senti hairudi.

Lakini hilo si baya kuliko hili: Mama hajui kwamba ulituma. Mvua ikinyesha husogeza kitanda, akasema usilaumiwe, una mambo mengi. Nami hukinga matone kwa beseni.

Nimeuza meza ya Baba na vifaa vyake vyote. Mabati yanaletwa Jumamosi. Nitamwambia Mama kabla nyundo hazijaanza, nisije nikasingizia kelele.

Nisalimie shemeji na wanao. Ukinijibu kwa matusi, nitayasoma yote.

Mdogo wako,
aliyekuwa Mweka Hazina