Uji wa Mgonjwa

Dada Theresia,

Mahindi ya mwaka huu hapa Buger yamestawi, na kaburi lako tumelipalilia. Ningependa niishie kwenye hizo habari njema. Siwezi.

Mwanao Selina ameanza kupungua, kuanzia mabegani kama wewe. Nilimpeleka kliniki Karatu mjini, wakampima. Ana virusi vya UKIMWI. Wamempa dawa, na ule ule unga wa lishe wenye soya na karanga. Nesi amenionya kama alivyokuonya wewe: "Huu ni wa mgonjwa peke yake. Mwili usiokula hauna nguvu ya kupigana."

Unakumbuka tulivyoufanya unga wako? Watu walikuja kukuona, na kwetu mgeni haondoki bila kutia kitu kinywani. "Mpe mgeni uji, utatuaibisha," Mama alikuwa akisema. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, uji wa maana nyumbani ulikuwa huo wako tu. Kadiri ulivyozidiwa ndivyo wageni walivyoongezeka, na kikombe chako kikazidi kupungua. Mwenye kumimina nilikuwa mimi. Ukanikonyeza, "Mimi niachie ukoko, mdogo wangu, ndio mtamu." Nikacheka! Najichukia kwa kicheko kile.

Sasa wageni wameanza kuja tena. Wanapiga hodi, wanamtazama mtoto, wanatikisa vichwa, wanakaa. Mama ananikazia macho. Juzi, kabla sijainuka, Selina mwenyewe alichukua kikombe chake kwa mikono miwili akampelekea jirani. Jirani akamsifu kwa adabu, akakinywa chote. Mtoto wa miaka sita, na tayari tumeshamfundisha.

Basi unga nimeuhamishia chumbani kwangu, nimetia kufuli. Mama hasemi nami. Njiani naitwa mchoyo, hata na watoto. Waseme, mdomo ni mali yao. Lakini usiku wa leo homa imempanda tena, na sijui kama nimechelewa.

Nakuahidi hili: kila kikombe chake atakinywa mbele ya macho yangu mpaka kiishe, hata aje padre mwenyewe na kiu yake.

Kwa heri, dada yangu. Nisamehe. Na ukimwona Selina anakuja huko kwako, usimkaribishe. Mrudishe.

Mdogo wako,
Agnesi