Nilisema Kulia

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa shingo, ambayo wanafunzi wangu wa udereva wameiharibu kwa breki zao za ghafla. Wewe hujambo? Nauliza kwa sababu picha niliyoonyeshwa na mke wa fundi saa haikuwa ya mtu mwenye akili timamu.

Umekaa juu ya boneti ya gari la marehemu baba, umevaa helmeti, meno yote nje, na mlangoni umebandika namba kubwa kama ya gari la zimamoto. Gari ambalo baba alikuwa akilipangusa kila jioni akishamaliza kusambaza mikate. Mtu mzima hovyo. Una mke, una kazi yako ya kutengeneza mafriji, halafu unakwenda kwenye mashindano ya kuendesha. Kushindana na nani? Nasikia kuna kinyozi, mhasibu, na dada mmoja wa maabara ambaye mlango wa gari lake umefungwa kwa kamba. Mnaondoka asubuhi, mnazunguka mashamba ya watu, mnarudi pale pale mlipoanzia, mnapigiana makofi. Wenzenu wakitaka kufika mahali walipo, hukaa tu.

Mimi nalipwa kuzuia upuuzi huo mnaouita mchezo. Baba alituachia gari sote wawili, na nusu yangu haitaki kuvalishwa namba. Jumamosi nakuja kulichukua, nilifunike turubai lipumzike.

Dada yako


5 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na shingo, jaribu kuikanda kwa maji ya moto. Sisi tu wazima. Wifi yako anakusalimu, na anasema helmeti ni ya kaka yake wa bodaboda, kwa hiyo uitukane taratibu.

Usije Jumamosi kwanza, nisikilize. Hatukimbizani. Wenye nazo ndio wanaovunja magari porini. Sisi makabwela tunapita barabara za kawaida, kwa magari yale yale ya kwendea kazini, na sheria zote za barabarani tunazifuata. Asubuhi mnapewa kitabu cha njia, kimechorwa mishale ya pa kukata kona na kuandikwa saa ya kufika kila kituo. Mkichelewa mnakatwa pointi, mkiwahi mnakatwa vilevile. Mmoja anaendesha, mwenzake anamsomea. Mafuta kidogo, maji ya kunywa, basi.

Tangu tumzike baba, siku hiyo ya mashindano ndiyo pekee ninayojisikia niko naye. Ukilifunika turubai gari lake, litakufa na lenyewe.

Msomaji wangu alikuwa kinyozi, na amehama. Njoo unisomee wewe, mara moja tu. Tukiaibika, chukua gari, sitasema neno. Tukifanya vizuri, niachie.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Maji ya moto hayakusaidia, kama ushauri wako mwingine wote.

Nakubali, kwa sababu moja tu: nataka kulichukua gari bila kelele za ukoo. Nimewafundisha watu wasiojua klachi na breki, leo wanaendesha mabasi. Sitashindwa na kitabu cha mishale. Ila helmeti sivai, hutaniita "timu," na nikisema kata, unakata. Mwambie wifi asitufungie chakula. Siendi pikiniki.

Dada yako


24 Machi

Mdogo wangu,

Natumai umeshaoga. Vumbi nililorudi nalo mimi limeziba bomba la bafuni.

Nilisema kulia. Pale njia panda ya kinu cha mahindi, nilisema kulia kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Ukakata kushoto, tena unapiga mluzi. Nikarudia, kulia. Ukasema, "Si ndiyo huku," ukakanyaga mafuta. Tukaishia kwenye tanuri la matofali, wafyatuaji wameketi wanakula, na wewe bila haya ukawauliza kituo cha pili kiko wapi. Mmoja akauliza, "Kituo cha nini?" Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo tangu asubuhi.

Nilijua palepale nini kimekusibu. Ulipokuwa mdogo, mama alitufundisha mezani kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Wewe ukashika kijiko kwa ule mwingine, kama unavyokishika mpaka leo, ukasema basi kulia kwako ni huku. Tulicheka sana. Sikujua kwamba hukuwa unatania. Mtu ana ndevu, ana leseni, na bado akiambiwa kulia anafikiria kijiko.

Tukawa wa mwisho. Hata dada wa maabara na kamba yake alitupita. Walipotaja matokeo nikawasimulia habari ya kijiko, wakacheka mpaka mhasibu akakaa chini. Ulistahili. Tuma ufunguo.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Ufunguo huu hapa, wifi yako anakuletea pamoja na barua. Namba nimeibandua na gari nimelipangusa.

Gari silisikitikii, tulikubaliana. Kilichoniuma ni kijiko. Ile hadithi ilikuwa ya nyumbani, ya baba, mama na sisi wawili. Sasa watu wananiita Kijiko. Juzi nimekwenda kwa mhasibu kutengeneza friji, mwanawe akafungua mlango akaita ndani, "Baba, Kijiko amekuja."

Unajua baba alinifundishaje kuendesha, humo humo kwenye gari lake? Hakuwahi kunitajia kulia wala kushoto. Alikaa kiti cha pembeni akawa ananiambia, "Kata kwako," au, "Kata kwangu." Kwako ni upande wa dereva, kwangu ni upande aliokaa yeye. Sikukosea hata siku moja, na hakumwambia mtu yeyote. Kinyozi naye alinisomea hivyo. Wewe ni mwalimu, niliona haya kukuambia. Nikadhani nitajitahidi.

Usinijibu.

Mdogo wako


18 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Ulisema nisikujibu, kwa hiyo hili si jibu, ni swali la ufundi. Gari nikiliwasha asubuhi linapiga yowe hadi majirani wanachungulia. Baba alikuwa akilifanya nini? Kama hutaki kuandika, mtume wifi.

Dada yako


7 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo na wifi? Hukuandika wala hukumtuma mtu. Sawa. Najua u mzima kwa sababu mafriji ya mtaa huu bado yanagandisha.

Nimeingia kwenye mashindano yenu. Usicheke. Niliingia nikuonyeshe kwamba ni upuuzi ambao yeyote anayejua kulia na kushoto anaushinda akiwa anasinzia. Msomaji nikamchukua mwalimu mwenzangu wa pale chuoni, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, anasoma kama mtangazaji wa redio. Na upuuzi ni upuuzi. Watu wazima wamening'iniza saa shingoni wanakuadhibu kwa kosa la kuwahi. Niliwaambia usoni kwamba hawana kazi.

Tukafika kinu cha mahindi. Mwenzangu akasema, "Kulia." Mimi nikasimama katikati ya njia panda. Nyuma wanapiga honi, dada wa maabara anatoa kichwa dirishani, na mimi nimeshika usukani wa baba, nangoja sijui nini. Nikamuuliza, "Kwako au kwangu?" Akasema, "Kwako wapi, Mwalimu?" Nikataka kumweleza, na nilipofungua mdomo nikaanza kulia. Kulia kwa machozi, mbele ya foleni nzima, mimi ninayewafokea wanafunzi kwa kufuta jicho barabarani. Yule bwana akanipa leso, nayo imepigwa pasi. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau mimi dakika ile.

Baba alinifundisha kuendesha mimi pia, na aliniambia kulia na kushoto tu kama mtu mwingine yeyote. Nina wivu, kama unataka kujua.

Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Walipotaja matokeo nilisimama nikawaambia kwamba siku ile ya tanuri wewe hukukosea. Mimi ndiye niliyesoma kitabu vibaya, na hadithi ya kijiko niliitunga kuficha aibu yangu. Mhasibu aliniuliza inakuwaje mwalimu wa udereva asijue kulia. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Sasa naitwa Mwalimu Kushoto, na habari imeshafika chuoni. Wanafunzi wananitazama wakiona nimeinua mkono. Wale wagumu nimeanza kuwaambia kwako na kwangu, na wanakata vizuri kabisa, jambo linaloniudhi sana.

Jumapili ijayo yapo tena. Gari nimeshaliandikisha. Dereva nimekuandika wewe, msomaji mimi. Helmeti bado sivai, na bado nasema mnazunguka bure. Ila kwenye kinu nitakusomea kama baba, na hakuna mwingine atakayesikia. Nisamehe kwa kijiko.

Usipokuja, nitaelewa, na ufunguo nitamrudishia wifi.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Yowe la asubuhi ni mkanda wa feni. Baba alikuwa akiupaka sabuni ya kipande.

Jumapili tuanzie wapi, kwako au kwangu?

Mdogo wako