Keki ya Siku Aliyokufa Kidevu

Duka la Mikate, Mlango wa Kijani,
Mkabala na Posta ya Zamani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa shemeji yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, pamoja na hasira kidogo ambayo utaikuta huko mbele. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila baridi ikianza? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto bado linagoma nikipanda ngazi, lakini mikono inakanda unga kama kawaida. Mwanao, yaani huyu binti yangu ambaye wewe ni baba yake mdogo, siku hizi ndiye anayepamba keki, na ana mkono mwepesi kuliko wangu. Anakusalimu sana.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Na wewe kaa, maana leo sina mpango wa kukubembeleza.

Kwanza nikueleze yalivyokuwa, kwa sababu waliokusimulia wametia chumvi mpaka mboga hailiki. Eti nilipanda juu ya meza nikapiga vigelegele. Nipande kwa goti gani, shemeji?

Redio ilitangaza saa nne asubuhi kwamba Kidevu amefariki kitandani kwake, kwa uzee. Wao hawakusema Kidevu, bila shaka, maana hilo ni jina tulilompa rais wetu kwa minong'ono. Walitaja vyeo vyake vyote mpaka mtangazaji akaishiwa pumzi. Wakaamuru siku saba za maombolezo: maduka yafungwe, muziki usisikike, kila mlango ufungwe kitambaa cheusi. Wakati huo nilikuwa nasugua trei. Niliweka brashi chini, nikaanza kuchekecha unga.

Nilioka keki. Ile kubwa ya mayai arobaini, iliyokuwa ikitutoa jasho kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Dakika ya ishirini nikafungua mlango wa tanuri, wote, nikauacha wazi huku nahesabu mpaka hamsini. Wewe ni mwokaji, huhitaji kuelezwa kilichotokea. Ilishuka katikati kama godoro la zamani. Niliitoa hivyohivyo na shimo lake, nikaiweka mezani nje ya mlango wa kijani, nikamkatia kila aliyepita.

Wa kwanza kufika alikuwa kinyozi wa jirani, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wakala wote wawili, wakarudi kumalizia upande wa pili. Baada yao watu walikuja kimyakimya. Wengine walilia huku wanatafuna, wakafuta mikono, wakaenda zao. Yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili alikataa kipande chake. Akaniambia, "Mimi sili, mama. Kufurahia maiti sikuweza hata nilipokuwa na nguvu zangu. Lakini nitasimama hapa na wewe mpaka iishe." Akasimama saa mbili nzima, mkono kwenye fimbo. Yeye hakula, wala hakunifundisha adabu. Ningependa na wewe ungefanya hivyo.

Maana unaniandikia kwamba kifo si jambo la kuchekelea, kwamba hata yeye alizaliwa na mama, kwamba tukifurahi tutakuwa tumefanana nao. Hilo la kufanana nao limeniuma. Ngoja nikukumbushe yaliyopita. Najua unayajua, lakini mwanao hajawahi kusimuliwa yote, naye ataisoma barua hii kabla sijafunga bahasha.

Mwaka ule keki ilishuka ikiwa tanurini, na gari lao lilikuwa linakuja kuichukua saa sita. Muda wa kuoka nyingine haukuwepo. Kaka yako, mume wangu, akalijaza shimo krimu ya sukari, akasawazisha kwa kisu, akachora juu yake ule uso. Kidevu peke yake kilimchukua nusu saa. Ilipendeza kweli. Lakini ukumbini kulikuwa na joto, na hotuba ilikuwa ndefu. Krimu ikalegea, na bwana mkubwa akaanza kuingia shimoni mbele ya wageni mia tatu, pua kwanza, kidevu mwisho. Mtu mmoja akacheka. Saa tisa wakaja hapa kumchukua kaka yako kwa kosa la kumdhalilisha kiongozi. Alikuwa bado amevaa aproni. Leo ni miaka kumi na tisa hajarudi, na mwanao alikuwa na miezi minne.

Unakumbuka kilichorudi? Trei. Waliileta jioni ileile, imeoshwa, inang'aa. Ile keki waliila, shemeji. Mwokaji amefungwa macho ndani ya gari lao, na wao wanalamba vidole. Basi usiniambie nimefanana nao. Mimi nilingoja mtu afe kwanza ndipo nikala.

Na sitajificha nyuma ya maneno makubwa. Sikusherehekea haki wala mwanzo mpya wa taifa, hayo waachie wanaogombea vyeo. Nilifurahi kwamba amekufa. Na kipande cha kwanza kilinikwama kooni, kwa sababu amekufa akijua kaka yako alipo, na hakuna aliyewahi kumweka kitini akamuuliza. Nilikunywa maji, nikamalizia kipande changu.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa haraka. Alhamisi afisa wa mtaa aliniita ofisini kwake. Nikakuta mezani barua yenye mwandiko ninaoujua. Kumbe hukuniandikia mimi peke yangu. Umewaomba msamaha kwa niaba ya familia, bila hata kuniuliza nilikuwa na maoni gani. Afisa alikuwa mpole kabisa. Akasema, "Mama, shemeji yako ameshamaliza kazi. Wewe tia sahihi hapa chini tu, duka libaki wazi. Ukikataa, Jumatatu nakuja na kufuli."

Najua ulitaka kuliokoa duka. Najua pia kwamba sina kazi nyingine ninayoiweza, na mwanao hana. Kwa hiyo nilichukua kalamu, nakwambia ukweli, nikaishika. Kisha nikaomba nisome kwanza. Umeandika kwamba unaomba radhi kwa kosa la familia yetu, "la sasa na la zamani."

Hapo kwenye la zamani nikaweka kalamu chini. La zamani lipi, shemeji? Sisi tuliwakosea nini zamani?

Nimekaa na jambo hili miaka yote kwa kuwa niliombwa ninyamaze, lakini leo nalisema. Najua ni wewe uliyefungua tanuri asubuhi ile. Kaka yako aliniambia wakati nikimsaidia kubeba ile keki kwenda kwenye gari: "Mdogo wangu kachungulia keki. Usimwonyeshe kwamba unajua, atajinyonga bure." Walipomuuliza nani kaharibu, alisema keki ni yake, na kweli ilikuwa yake. Wewe ukaondoka nchini kabla mwezi haujaisha. Tangu hapo unanitumia dawa za goti kila baada ya miezi mitatu, na hujawahi hata mara moja kuniuliza habari za tanuri.

Nisikilize vizuri. Ulichungulia keki. Mimi mwenyewe mwezi ule nilichungulia mara mbili, na tulichopata ni keki mbovu tuliyoila wenyewe na chai. Kote duniani waokaji wanachungulia, na jioni wanarudi kwa watoto wao. Wewe ulifungua mlango wa tanuri. Mlango wa lile gari aliufungua Kidevu, na watu wake, kwa mikono yao. Umebeba mzigo wa mtu mwingine miaka kumi na tisa, na alipokufa ukataka kumwomba radhi. Hilo sitalitilia sahihi, hata wafunge mtaa mzima.

Nilimwambia afisa sitaki. Akaniambia niende na ile barua nyumbani nikaifikirie. Nimeifikiria. Leo asubuhi nimeipaka mafuta pande zote mbili, nikaitandika kwenye trei, muhuri wa ofisi ya afisa ukiwa juu. Usiogope wino, nimeweka karatasi nyingine safi juu yake. Msamaha wako uko chini ya keki ya mayai arobaini, na safari hii imepanda vizuri, maana hakuna aliyeigusa mpaka ilipoiva. Mwanao ameipamba. Hakuweka uso wa mtu yeyote. Amechora aproni nyeupe, na kamba zake amezifunga fundo.

Kesho afisa akija na kufuli lake atatukuta nje mezani. Kinyozi atafunga kazi aje, na mwalimu amesema hii ataila. Wakilifunga duka, tutaoka kwenye jiko la mwalimu, ambalo ni dogo na linanuka vitunguu, lakini linawaka.

Msalimie sana mkeo, mwambie ile sweta imenitosha. Wabusu mapacha, na yule mdogo wao anayeng'oka meno mwambie mama mkubwa wa mikate anamngoja na biskuti laini. Mpe pole baba mkwe wako kwa macho yake. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi ambao najua hujaupata muda mrefu.

Kipande chako cha keki hii nitakikata kesho na kukihifadhi, ila kitaharibika, kwa hiyo njoo ukile kingine. Tanuri halijapata mchomaji wa maana tangu uondoke. Rudi nyumbani, shemeji, na ukitaka kuchungulia keki, chungulia.

Ni mimi ninayekupenda hata ninapokufokea,

Shemeji yako wa Mlango wa Kijani