Shairi la Mpiga Pasi

4 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti tu ndilo lenye kiburi. Cherehani inanguruma kama kawaida.

Nina jambo. Mwenyekiti wa mtaa alikuja jana, akakalia kiti cha wateja bila kukaribishwa. Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa kuwataka wageni waondoke, na anataka nitunge shairi. "Mama Malenga, watu wanakusikiliza wewe kuliko mimi." Nikamuuliza wageni gani. Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwa Mwokaji na mkewe. Eti wanakula riziki yetu! Watu waliohamia hapa wewe hujaota meno!

Nimemjibu nitafikiri. Chumba hiki ninachoshonea ni cha mjomba wake, na kukosana na mwenye nyumba si mchezo. Nishauri.

Mama yako

15 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Kifua kimepona, ila moyo ndio unaowaka. Ufikiri nini, Mama? Mgeni ni mimi! Juzi natoka kazini, gari likapunguza mwendo, kijana akatoa kichwa: "Rudi kwenu, unakula kazi zetu!" Maneno yaleyale ya mwenyekiti wako. Sijui nani kamfundisha mwenzake.

Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli nafanya kazi na baba mmoja wa nchi nyingine kabisa, tunamwita Mpiga Pasi. Mimi nalisha shuka kwenye mashine, yeye anazipokea upande wa pili. Mwezi uliopita binti yake alifariki huko kwao, homa ya siku chache. Akaomba ruhusa akazike. Msimamizi hata kichwa hakuinua: "Shuka hazisubiri." Akarudi kwenye mashine. Nilitamani kumrukia yule mtu.

Wakati wa chakula Mpiga Pasi alitusomea alichomtungia mtoto. Kwa lugha yake kwanza, halafu kwa hii ya kuokoteza tunayozungumza kazini. Meza nzima, watu wa nchi tano, hakuna aliyetafuna. Nimekuandikia nilivyoelewa, nyuma ya karatasi hii. Mizani utanisamehe. Kisha umtungie mwenyekiti unachotaka.

Mwanao

20 Aprili

Mama, shikamoo.

U mzima kweli? Mkutano umepita, wiki tatu sasa, na simu yako haiiti. Umekasirika? Kama nilivuka mpaka, nigombeze, lakini usininyamazie.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Nimewakasirikia wengi, ila wewe humo. Simu ilivunjika, utaona ilivyokuwa. Mimi mzima. Mizani yako ilikuwa inachechemea kuliko mimi, nikaivisha nguo upya:

Viatu vi mlangoni, vidogo vyako naona,
Navipangusa jioni, kana kwamba waja tena,
Nakuita uwanjani, sauti nikiibana,
Mwanangu nijibu hima, babayo nimesimama.

Nilipanda jukwaani nikalighani hilo. Wanawake wakajifunika nyuso. Mwuza mkaa, lile jitu lisilocheka, alilia waziwazi. Mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti: "Mmesikia? Huo ndio uchungu wa damu yetu!" Nikakirudisha mkononi mwangu. Nikasema, "Aliyetunga ni mgeni. Kwetu hajawahi kukanyaga, na huko aliko wageni wanaambiwa warudi kwao. Sasa mliolia, mlikuwa mnamlilia nani?"

Yakaja matusi, halafu mawe. Nilisukumwa, simu ikaangukia miguuni mwa watu. Usifikiri shairi liliwageuza. Walitoka pale, na machozi hayajawakauka, wakaenda kulibomoa tanuri la Mwokaji! Watu niliowashonea sare za shule! Mkewe alipakia godoro kwenye gari la mizigo, akaja kunikumbatia. Wameondoka. Mtaa sasa unafuata mkate sokoni na unalalamika ni mgumu. Wautafune hivyohivyo.

Nami nimefukuzwa chumbani. Nashonea barazani kwa dada yangu.

Wiki iliyopita mama yake mwenyekiti akafariki. Mwenyekiti mwenyewe akaja, macho mekundu, sauti imepotea. "Naomba lile la viatu, uligeuze liwe la mama. Lisomwe kaburini."

Nikamwambia, "Nitalisoma. Lakini kwanza utawaambia waombolezaji limetoka kwa nani."

"Mama, siwezi. Watu watanionaje?"

"Basi mzike."

Wakamzika bila ubeti hata mmoja. Dada yangu anasema nina roho ya jiwe. Huenda. Lakini yule bibi hakuwa na kosa. Siku ya mkutano alikuwa kitandani, wala hakujua mwanawe anahubiri nini. Kwa hiyo asubuhi ya pili nilikwenda peke yangu na goti langu hili, nikasimama kwenye udongo mbichi, nikamsomea. Nikamwambia pia limetungwa na baba anayepiga pasi nchi ya watu, aliyenyimwa ruhusa ya kumzika mwanawe.

Nilipomaliza nikatambua aibu moja. Nimemlilia yule mtoto mara mbili, jukwaani na kaburini, na jina lake silijui. Muulize huyo ndugu yetu binti yake aliitwa nani. Unijibu upesi.

Mama yako