Koti ya Chebet

Jumanne, jioni

Chebet amelala sasa hivi na koti yake. Nimejaribu kumvua, akaikamata kwa mikono miwili, macho yamefungwa, akasema, "Yangu." Nimemwachia.

Ilikuwa aproni yangu ya plastiki ya kuchunia majani chai. Tangu mashine za kuchuna ziletwe na sisi wachunaji tukaambiwa tungoje kuitwa, nimekuwa nikiiosha kila Jumapili. Jana mvua ilimlowesha mtoto akitoka shule ya nasari. Leo nikachukua makasi. Ule mfuko wa mbele ndio kofia. Kipande kilichobaki kimefunika miche ya sukuma wiki.

Nilipokata mara ya kwanza nililia. Niliona ni kama nimesema mwenyewe kwamba hawataniita tena.

Na si kazi peke yake ninayokosa. Nakosa wale wamama. Atieno alikuwa akinitania kule shambani, "Mama Chebet, unachuna ama unabembeleza?" Sasa anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu na hatutembeleani. Kila mtu amejifungia na shida yake. Leo sijaongea na mtu mzima hata mmoja.

Saa kumi Atieno alipita, akamwona Chebet akiruka kwa maji ya mvua akiwa mkavu ndani ya koti. Akasimama, akaangalia, akaenda zake. Nilidhani ananicheka.

Kumbe. Yuko hapa nje anaita, "Mama Chebet! Fungua, nanyeshewa na aproni yangu iko mkononi, nikatie koti kama hiyo!" Wacha nimfungulie, na makasi sijui niliweka wapi.